Tanbihi Iliyochelewa

Mnamo Januari 1968, jarida la Science la Marekani lilichapisha makala ya mwanasosholojia Robert K. Merton wa Chuo Kikuu cha Columbia, yaliyohusu namna sifa inavyogawanywa miongoni mwa wanasayansi. Dai lake lilikuwa kwamba watafiti wawili wakiandika kwa pamoja, au wakifikia ugunduzi mmoja kila mtu kwa njia yake, sifa humwendea yule ambaye tayari ana jina, ilhali mwenziwe asiyejulikana hubakia kivulini. Merton aliiita hali hiyo athari ya Mathayo, kwa kuazima mfano wa talanta katika Injili.

Makala hayo yamerejelewa maelfu ya mara, na aghalabu jina litajwalo ni moja. Hata hivyo, msomaji akiyachunguza kwa makini ataona kwamba uzito wake umo katika sauti za washindi wa Tuzo ya Nobel, wanaosimulia jinsi majina yao yalivyokumbukwa na ya wenzao kusahauliwa. Sauti hizo hazikukusanywa na Merton. Aliyezikusanya ni Harriet Zuckerman, aliyewahoji washindi 41 nchini Marekani kwa ajili ya tasnifu yake ya uzamifu aliyoikamilisha hapo Columbia mwaka 1965. Si kwamba Merton alilificha jambo hili. Lakini ni mwaka 1973 tu, makala yalipochapishwa upya kitabuni, ndipo alipokiri katika tanbihi kwamba aliyategemea mahojiano ya Zuckerman kwa kiasi ambacho makala yalistahili kutolewa kwa majina mawili. Ungamo hilo ni la kiungwana, na halikubadilisha hesabu. Kinaya cha namna hii mtunzi wa riwaya angekiogopa, asije akaambiwa amekilazimisha.

Chombo chenyewe cha kuhesabia kilikuwa na upofu uo huo. Eugene Garfield, aliyependekeza faharasa ya marejeleo ya kisayansi mwaka 1955 na kuanza kuichapa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliiga mfano kutoka kwa wanasheria. Tangu mwaka 1873 mawakili wa Marekani walikuwa na faharasa ya Shepard, iliyowaonyesha ni hukumu zipi za baadaye zilizoitaja hukumu fulani. Jambo linalostahili kumshughulisha mhakiki ni kwamba faharasa ile ya kisheria haikuishia katika kutaja. Iliweka alama ndogo za herufi kuonyesha iwapo hukumu ya awali ilifuatwa, ilitiliwa shaka au ilitanguliwa. Wakili aliyesimama mahakamani na hukumu iliyokwisha kutanguliwa angeaibika, kwa hiyo namna ya kutajwa ilikuwa na maana kuliko idadi. Faharasa ya sayansi iliuchukua uzi huo ikaziacha herufi. Garfield mwenyewe alitumaini kwamba mtafiti makini angeitumia kuzifikia lawama zilizotolewa dhidi ya makala ya zamani. Waliokuja baadaye waliona ni rahisi zaidi kujumlisha. Ikawa anayekanushwa, anayesifiwa kwa adabu tu, na ambaye bila yeye kazi isingaliandikwa, wote wanapata moja moja.

Katika matoleo ya mwanzo ya faharasa hiyo, kazi iliyorejelewa iliwekwa chini ya jina la mwandishi wa kwanza peke yake. Aliyetokea wa pili hakuonekana. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alileta kipimo kinachotumiwa sana hadi leo: mwenye kipimo cha 20 ni yule mwenye makala 20 ambayo kila moja imerejelewa angalau mara 20. Peter Higgs, ambaye hoja yake ya mwaka 1964 ilitolewa katika makala mawili mafupi na kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2013, alisema mwaka huohuo kwamba asingepata kazi ya chuo kikuu siku hizi, kwa kuwa asingeonekana kuwa na tija ya kutosha.

Ushirikiano nao umezua matini za ajabu. Mwaka 2015 wanafizikia wa CERN walitoa makala yenye waandishi 5,154 na kurasa 33. Kurasa tisa zilieleza utafiti, na 24 zilizobaki zilikuwa za majina na taasisi. Humo hakuna aliyesahauliwa, lakini pia hakuna msomaji awezaye kusema nani alifanya nini. Upande wa pili wako wale ambao hesabu haiwafikii kabisa. Faharasa hizi zilijengwa juu ya majarida ya Kiingereza zaidi kuliko lugha nyingine yoyote, na mtaalamu wa Kiswahili ambaye hoja yake imezaa tasnifu nyingi za lugha hiyohiyo, zilizohifadhiwa maktabani bila kuchapishwa, huweza kufika mbele ya kamati ya kupandisha vyeo akiwa na sifuri.

Mnamo 1993 mwanahistoria Margaret Rossiter aliipa hali ya wanawake wa sayansi wanaofutwa namna hii jina la athari ya Matilda, kwa heshima ya mwanaharakati Matilda Joslyn Gage. Zuckerman na Merton walioana mwaka huohuo. Anayetaka kujua washindi wale walisema nini aanze na kitabu cha Zuckerman cha mwaka 1977, Scientific Elite, ambacho jalada lake lina jina moja, lake.