Sikio Kwanza, Mnara Baadaye

Hakuna mtoto wa Eastlands asiyeijua sauti ya ndege. Wanaokaa Embakasi, Fedha na Utawala wanazisikia za abiria zikipaa na kutua Jomo Kenyatta. Wanaokaa Buruburu, Umoja na Eastleigh wanazisikia za jeshi, maana kambi ya wanahewa ya Moi iko katikati yetu. Ukiuliza darasani ni nani angependa kazi ya ndege, mikono itainuka kama mahindi shambani, na karibu wote watataja urubani. Mimi naomba niwe tofauti. Mimi nataka kuwa mwongoza ndege.

Nikisema hivyo, wengine hudhani ni yule bwana anayesimama uwanjani na vibao mikononi akiipungia ndege hadi pale inapoegeshwa. La hasha! Huyo ana kazi yake na ni kazi nzuri, lakini si hiyo. Mwongoza ndege huzungumza na marubani kwa redio. Wako wa aina tatu. Wa kwanza hukaa juu ya mnara, ambako huziona ndege kwa macho na kutoa ruhusa ya kupaa na kutua. Wa pili huongoza zile zinazokaribia uwanja na zile zilizotoka tu, akizipanga foleni angani. Wa tatu huangalia zilizo juu kabisa zikivuka nchi, na hizo hawezi kuziona ila kwa rada na kwa masikio yake. Wote watatu wana sharti moja: ndege zisikaribiane. Zikipitana moja juu ya nyingine, kwa kawaida lazima baina yake pawe na angalau futi 1,000, yaani kama mita 300.

Si kazi ya mchezo. Wengi wetu tunakumbuka tarehe 5 Machi 2024, ndege mbili zilizotoka Uwanja wa Wilson zilipogongana juu ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Ile ndogo ilianguka, mwalimu na mwanafunzi wake wa urubani wakafa. Siku ile mtaani kila mtu alikuwa akitazama juu.

Sasa, mafunzo yenyewe hatuhitaji kuyavukia bahari. Chuo cha Usafiri wa Anga cha Afrika Mashariki kiko papa hapa Embakasi, na kilianzishwa mwaka 1954, hata kabla uwanja wa Embakasi haujafunguliwa mwaka 1958. Ukipanda matatu ya 33 huwezi kusema kwamba ni mbali. Lakini mlango ulio karibu si lazima uwe wazi. Kwanza kuna mtihani wa kidato cha nne. Pili kuna karo, ambayo nyumbani kwetu haitajwi bila mtu kuvuta pumzi. Tatu kuna umri. Sheria za kimataifa zinasema kwamba leseni ya kuongoza ndege haipewi mtu aliye chini ya miaka 21. Mimi nina 16. Hesabu ni rahisi: miaka mitano.

Basi swali langu ni hili: mtu afanye nini katika miaka mitano hiyo? Je, akae kitako akingoja? Nilipouliza, nilijibiwa nisome Hisabati, Fizikia na Jiografia. Ni kweli, na ninasoma. Lakini nimesoma pia habari za ajali za ndege na zile ambazo karibu ziwe ajali, nami nimeona kwamba jambo moja hurudi mara kwa mara, nalo haliko katika mtaala wa Fizikia. Ni kusikia.

Sikilizeni kisa hiki kilichotokea hapa hapa kwetu. Tarehe 3 Septemba 1974, ndege kubwa aina ya Boeing 747 ya British Airways ilikuwa ikija kutua Nairobi. Mwongoza ndege aliiambia ishuke hadi futi 7,500. Marubani wakaelewa futi 5,000. Tazameni kosa hilo lilivyo dogo mdomoni na lilivyo kubwa angani! Ardhi ya Embakasi yenyewe iko zaidi ya futi 5,300 juu ya usawa wa bahari. Kwa maneno mengine, marubani walikuwa wakiteremka kwenda mahali palipo chini ya udongo. Walipogutuka na kuivuta ndege juu, walikuwa wamebakiza kama futi 70 tu. Futi 70 ni kiasi gani? Nenda Pipeline, simama mbele ya nyumba yoyote ya ghorofa saba, kisha tazama paa. Ni pale.

Hakuna aliyekufa, na pengine ndiyo sababu kisa chenyewe hakijulikani sana. Lakini miaka mitatu baadaye, tarehe 27 Machi 1977, kule Tenerife katika visiwa vya Kanari, Boeing 747 mbili ziligongana zikiwa ardhini, ndani ya ukungu. Watu 583 walikufa. Rubani wa moja alianza kupaa akiamini ana ruhusa, na katika mazungumzo ya redio neno la "kupaa" lilikuwa limetamkwa bila ruhusa yenyewe kutolewa. Tangu hapo neno hilo la Kiingereza linafungiwa kabatini. Halitamkwi ila pale ruhusa ya kupaa inapotolewa au inapofutwa. Wakati mwingine wote hutumika neno jingine la kuondoka. Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nadhani methali hiyo ingeweza kubandikwa katika kila mnara duniani.

Hapo ndipo nilipoona kwamba maandalizi naweza kuyaanza leo, bila karo na bila leseni. Nitawaeleza ninayoyafanya, kila mtu achukue linalomfaa.

La kwanza ni kurudia. Mwongoza ndege akitoa agizo, rubani huyarudia yale ya muhimu, kama vile kimo, mwelekeo na namba ya njia ya kurukia, na mwongoza ndege husikiliza kama yamerudiwa sawasawa. Mimi ninafanya hivyo nyumbani. Mama akinituma dukani ninamrudishia: "Unga pakiti mbili, sukari nusu, mafuta ya hamsini." Mwanzoni aliniuliza, "Kwani we ni kasuku?" Siku hizi hunitazama tu na kungoja nimalize. Dada yangu mdogo naye nimemfundisha. Yeye huwa rubani, mimi mwongoza ndege, na meza ndiyo uwanja. Wakati mwingine hunirudishia vibaya makusudi ili aone kama nitamkamata.

La pili ni namba. Katika redio namba husemwa moja moja, na baadhi hutamkwa kwa namna yake ili zisichanganywe. Tatu ya Kiingereza huwa "tri", tano huwa "faifu", na tisa huongezwa mkia ikawa "naina". Herufi nazo zina majina: Alfa, Bravo, Charlie, hadi Zulu. Ndege zilizosajiliwa Kenya huanza na 5Y, za Tanzania 5H na za Uganda 5X. Nikiwa kituoni ninasoma namba za magari kwa lugha hiyo, polepole kisha haraka. Kiswahili chetu pia kina mtego wake. Jaribuni kusema "sita" na "tisa" katikati ya kelele za soko la Mutindwa, mtaona mnavyopewa bei isiyo yenu.

La tatu ni neno moja, maana moja. Hapa najua walimu watafurahi, maana nataka kusema juu ya Sheng. Mimi sitaitukana, ndiyo lugha ya mtaani kwetu na ina utamu wake. Lakini mwambie mgeni kutoka Lamu, "Nipe mbao," naye atakutafutia ubao, kumbe wewe ulitaka shilingi ishirini. Neno la Kayole wiki hii, wiki ijayo Buruburu wamelibadilisha, na ndiyo raha yake. Mnarani raha hiyo haipo. Kila neno lina kazi moja, na likishapewa kazi hiyo halipewi nyingine. Msidhani jambo hili ni geni kwetu. Kondakta akigonga bodi ya matatu mara moja, dereva anasimama. Akigonga mara mbili, anaondoka. Hakuna anayejiuliza alikuwa na maana gani. Hiyo ni lugha ya mnara, ila inasemwa kwa kiganja.

Na Kiingereza chenyewe hupimwa. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limeweka ngazi sita za kukizungumza na kukielewa, na tangu mwaka 2008 mwongoza ndege anayezungumza na ndege za kimataifa hatakiwi kuwa chini ya ngazi ya nne. Kwa hiyo anayekaa nyuma wakati wa somo la kusikiliza na kuzungumza akidhani ni la kupumzikia, ajue wengine tunalitegemea.

La nne ni saa. Hili hunifurahisha kama mwanachama wa Chama cha Kiswahili. Dunia nzima ya ndege hutumia saa moja, ile ya Greenwich, ambayo kwetu iko nyuma kwa saa tatu. Sasa chukua saa tatu asubuhi. Mswahili anasema tatu, saa ya mkononi inaonyesha tisa, na ya mnarani inasema sita. Wakati ni ule ule! Mwanafunzi wa Nairobi aliyezoea kubeba saa mbili kichwani hatashindwa kuongeza ya tatu. Mimi huzihesabu zote tatu kila kengele inapolia.

La tano ni hesabu za kichwani. Ndege inayokwenda maili za baharini 240 kwa saa hukata maili nne kwa dakika. Ikiwa imebakiza maili 20, itafika baada ya dakika ngapi? Tano. Ikiwa juu ya uwanja kwa futi 10,000, na kwa kawaida hushuka kama futi 300 kwa kila maili, ianze kushuka wapi? Karibu maili 33 kabla. Hapana kikokotoo, hapana karatasi, na mtu mwingine anakusemesha wakati huo huo.

La sita ndilo gumu kuliko yote. Kabla ya leseni kuna daktari, na daktari hupima macho na masikio. Sisi watoto wa Eastlands tunasafiri ndani ya muziki. Ukipanda matatu yenye spika chini ya kila kiti, ukishuka masikio yanaendelea kulia. Nina binamu aliyefanya kazi ya ukondakta kwa miaka mingi. Siku hizi ukimwita kutoka upande wa kushoto hageuki. Yeye husema ni uchovu. Mimi nikimtazama naogopa, maana sikio likishaharibika namna hiyo, hakuna fundi wa Gikomba wa kulirudisha. Kwa hiyo mimi hungoja gari lenye kelele kidogo, hata kama ni kuukuu na halina picha za wanamuziki ubavuni. Lisipokuja natembea. Wenzangu wananicheka kwamba nimezeeka. Wacheke tu, ninawasikia vizuri.

Mama ana wasiwasi wake, na sio wa bure. Jioni moja aliniuliza, "Mwanangu, na kama karo haitapatikana? Na kama watachukua wengine?" Sikuwa na jibu la kumfurahisha, na sina hata leo. Huenda nikafika miaka 21 na mnara nikauona kutoka barabarani tu. Nimelifikiria sana jambo hilo usiku, na linauma. Lakini nikayahesabu yale ninayojifunza: kumsikiliza mtu mpaka mwisho, kurudia nilichoambiwa, kusema neno lisilo na maana mbili, kuhesabu bila kutetemeka, na kulinda masikio yangu. Ni kipi kati ya hivyo ambacho muuguzi, mwalimu, mwenye duka au dereva hakihitaji? Nilipomwambia hivyo, Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya. Kesho nenda sokoni uniletee nyanya, sukuma na dania." Nikamrudishia: nyanya, sukuma, dania. Akacheka.

Ninamalizia kwa ombi kwa chama chetu. Tunayo mijadala, tunayo mashairi, tunavyo vitendawili. Tuongeze mchezo mmoja siku za mkutano: mmoja atoe maagizo matano kwa Kiswahili sanifu, mwenzake ayarudie mbele ya wote, na sisi wengine tuhukumu kama kuna hata neno moja lililopotea njiani. Mchezo huu hauhitaji pesa wala vifaa. Tutashangaa tutakavyogundua kwamba wengi wetu tunajua kusema lakini hatujui kusikia.