Hodi Zikizidi, Mlango Hufungwa

Leo mapishi tuyaweke pembeni kidogo. Sisi wawili ni wa Unguja, riziki imetufikisha Songea kwenye kazi ya mitandao, na katika amana tulizokabidhiwa limo friji la chanjo la zahanati moja. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Joto likifika 7, seva yenye betri na modemu yake hututumia ujumbe kwenye kundi letu la simu.

Usiku mmoja wa Machi radi ilipiga, umeme ukakatika. Simu zikalia mfululizo: ruta imezimika, kamera ya geti, printa, kamera ya nyuma, printa tena (hiyo printa!). Ghafla kimya. Kimya kile hakikutupendeza, tukampigia nesi wa zamu akasome kipimajoto. Nyuzi 7.6. Akawasha jenereta, alhamdulillah.

Asubuhi tukapekua kumbukumbu za seva. Ujumbe wa friji ulitumwa tena na tena, na kila mara ukarudishwa na namba 429. Namba hiyo, iliyoingizwa kwenye kanuni za intaneti mwaka 2012, maana yake umeomba kupita kiasi. Huduma tunayotumia hupokea jumbe 20 tu kwa dakika kwa kundi moja, na kamera na printa zilishazimaliza.

Sisi tuliolelewa kupiga hodi mara tatu na kurudi tusipojibiwa, hatuwezi kuukataa utaratibu huo. Bila kikomo, matapeli wangetujazia simu. Ila 20 kwa usiku wa radi ni ubahili, na kuibadilisha si juu yetu.

Kwa hiyo tumebadilisha upande wetu. Ruta ikizimika, vifaa vilivyo nyuma yake havisemi kitu. Taarifa nyingine hungoja sekunde 30 zikusanywe pamoja. Jibu la 429 likija na idadi ya sekunde za kusubiri, seva huzihesabu kwanza ndipo ijaribu tena. Friji tumelipa njia yake, SMS ya kawaida.

Jumamosi tulijaribu. Nesi alihamishia chanjo kwenye kisanduku baridi, tukazima umeme, tukakishika kipimajoto kiganjani mpaka kikapanda. SMS ya friji ikaingia kwanza. Baada ya nusu dakika ukaja ujumbe mmoja wa mengine yote, na printa haikutajwa.