Uhuru na Mfuko wa Dawa ya Malale

Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, ilipokea bendera, viti vya serikali na nyumba za utafiti. Mfuko wa kuzitunza nyumba hizo haukuja pamoja nazo. Twapenda kulitazama jambo hili katika ugonjwa mmoja tu, ndio malale.

Zamani za Wabelgiji vikosi vya waganga vilipita kijiji kwa kijiji, vikipapasa shingo za watu na kutazama damu kwa darubini. Wazee hawakuipenda sindano ya mgongo, wala amri iliyokuja nayo; wengine walikimbilia porini. Hata hivyo, mwaka 1959 wagonjwa wapya walikuwa kama 1,000 tu. Na fedha ile haikuwa sadaka ya Ulaya peke yake: shaba ilikuwa ya Katanga, na kodi walilipa babu zetu.

Lakini waliokata shauri juu yake walikaa Brussels. Siku ya uhuru hapakuwa na daktari Mkongo hata mmoja. Wanafunzi wa kwanza wa udaktari pale Lovanium walikuwa bado wanasoma. Vita vikaja, vikosi vikatawanyika, mbung'o hakungoja. Mwaka 1990 Ubelgiji uligombana na Mobutu ukasimamisha msaada, upimaji ukapungua tena. Mwaka 1998 wagonjwa wapya walioandikwa Kongo walizidi 26,000.

Na dawa? Kwa miaka mingi mtu ambaye malale imemfika ubongoni alichomwa dawa yenye arseniki, iliyoua kama mgonjwa mmoja katika ishirini. Viwanda havikuona faida kuwatafutia maskini nyingine. Vidonge vya fexinidazole vilianza kufanyiwa kazi mwaka 2005 tu, ingawa dawa yenyewe ilijulikana zamani ikaachwa. Kongo ilivikubali mwishoni mwa 2018. Waganga wetu ndio waliovijaribu, tena vizuri sana. Fedha nyingi zilitoka kwa serikali na wafadhili wa ng'ambo.

Sasa wagonjwa ni wachache: tangu 2018 hawafiki 1,000 kwa mwaka katika Afrika nzima. Mfadhili akisikia hivyo huanza kutazama upande mwingine. Kutunza wagonjwa ni amri ya Bwana wetu, na kodi yetu pia yaweza kuitumikia. Sisi twaona bunge la Kinshasa, likiandika hesabu ya mwaka, liandike fungu la malale, hata likiwa dogo. Nalo lifike kweli kwa vikosi na kwa watafiti, lisibaki karatasini.