HIJA KWA MIGUU, Sehemu ya 4: Una siku ngapi mkononi?

Tangu niweke zile picha za Santiago, wengi mmenifuata inboksi na swali moja: "Nesi, likizo yangu ni ndogo, nipite njia ipi?" Nalijibu hapa ili tusome wote.

Kwa mliojiunga leo: Santiago de Compostela ni mji wa kaskazini-magharibi mwa Hispania. Kwa mapokeo ya Kanisa, kaburi la Mtume Yakobo, mwana wa Zebedayo, liko chini ya kanisa kuu la pale, na mahujaji wameliendea kwa miguu kwa zaidi ya miaka elfu moja. Ni kama wale wanaotoka Mbarara wakatembea zaidi ya kilomita 250 kufika Namugongo kabla ya tarehe 3 Juni. Ila kwenda Santiago njia ni nyingi, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa.

Njia yenye jina kubwa ni ile ya Kifaransa. Ukianzia Saint-Jean-Pied-de-Port, kule Ufaransa, ni karibu kilomita 780. Watu wengi huimaliza kwa siku 30 hadi 35. Sasa niambie, ni mwajiri gani atakupa siku 35? Wangu alinipa wiki moja. Nikaunganisha na off zangu za kabla na baada, nikapata siku 10.

Usianze na ramani, anza na kalenda. Hesabu yangu ilikuwa hivi: siku 10, toa moja ya kwenda, toa moja ya kurudi. Toa moja ya akiba, maana mvua ya Galicia haikuombi ruhusa na goti nalo halikuombi. Toa moja ya kulala nyumbani kabla ya kurudi zamu. Zikabaki 6 za kutembea. Kwa mtu mwenye afya ya kawaida asiyefanya mazoezi makubwa, mimi naweka kilomita 20 kwa siku. Sita mara ishirini ni 120. Basi, hizo ndizo kilomita zangu. Njia yoyote inayozidi hapo si yangu kwa mwaka huu, hata iwe nzuri namna gani.

Bahati nzuri, ofisi ya mahujaji pale Santiago hutoa cheti, wanakiita Compostela, kwa aliyetembea angalau kilomita 100 hadi mjini, na mihuri kwenye kijitabu chake kama ushahidi. Kwa hiyo mwenye siku 6 ana chaguo tatu za maana.

1. Sarria, kwenye njia ile ile ya Kifaransa, karibu kilomita 115. Alama ziko kila mahali, vyakula na vitanda havikosekani. Lakini ndiko wengi wanakoanzia, kwa hiyo jiandae kwa msongamano. Kama unaogopa kutembea peke yako, anzia huku.

2. Tui, mpakani na Ureno, karibu kilomita 118. Unapita Pontevedra na Padrón, mahali ambapo mapokeo yanasema mashua iliyobeba mwili wa Mtume ilifungwa. Milima yake si ya kutisha.

3. Ferrol, njia ya Kiingereza, karibu kilomita 120. Inaitwa hivyo kwa sababu mahujaji wa Uingereza na Ireland walikuja kwa meli, wakashukia pwani ile, wakaendelea kwa miguu. Watu ni wachache, na vitanda pia ni vichache. Ukitoka Betanzos kuna mpando utakaokutoa jasho kwelikweli. Angalizo: tawi linaloanzia A Coruña ni kama kilomita 75, lenyewe halifikishi mia.

Mimi nilichukua Ferrol. Sababu niwaambie. Mama yangu alitamani kwenda Namugongo kwa miguu maisha yake yote. Kisukari kikaanza na kidole kimoja cha mguu, kikafuata cha pili, na safari ikaishia pale. Alifariki hajaenda. Mimi nipo Uingereza, nauguza miguu ya watu kama yeye karibu kila zamu. Niliamua kutembea kwa niaba yake kule ninakoweza kufika, na nilitaka njia ya kimya, nisali rozari yake bila kupishana na makundi.

Kuna mtu aliniambia, "Siku sita tu? Hiyo si hija, hiyo ni matembezi." Jamani. Mama angepewa siku sita zenye miguu mizima angezipokea kwa magoti. Hakuna aliyewahi kuniambia wodini kwamba kilomita zake zilikuwa chache mno. Wanachosema ni kwamba walisubiri wapate muda, na muda ulipopatikana miguu ilikuwa imeshakataa.

Kwa hiyo usikatae njia fupi kwa sababu ya maneno ya watu. Na usijipakie njia ndefu kwenye siku chache. Kilomita 35 kwa siku kwa siku sita mfululizo zitakupa malengelenge na kano zilizovimba, na Jumatatu una zamu ya saa 12 umesimama. Wagonjwa hawatauliza ulitembea kwa ajili ya nani.

Wenye kisukari, hili ni lenu: mwone daktari kabla hujakata tiketi. Kama huhisi vizuri nyayoni, hutajua kiatu kinakuchubua, kwa hiyo kagua miguu kila jioni, katikati ya vidole pia, na usiache insulini juani. Chagua hatua fupi. Kilomita 12 kwa siku nayo ni hija.

Jambo la mwisho: mwaka 2027 sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, 25 Julai, inaangukia Jumapili, kwa hiyo ni Mwaka Mtakatifu kule. Watu watakuwa wengi. Kama umepanga mwaka huo, weka vitanda mapema.

Sasa shika kalenda yako, fanya ile hesabu, uniandikie hapa chini: umebakiwa na siku ngapi za kutembea? Nitawajibu nikitoka zamu. Sehemu ya 5 ni viatu na soksi, na hapo nitakuwa mkali kidogo.