Kidonda cha kichwa kikipona nje, ndani bado

Ndugu zangu wa Ndosho, wa Mugunga, wa Sake, na ninyi mliokimbia vita na bado hamjarudi makwenu, leo siandiki juu ya bei ya unga wala juu ya usalama. Nataka tuongee juu ya kuumia ubongo. Ni jambo linalovunja nyumba nyingi hapa kwetu, na watu hawajui kulipa jina lake.

Mtu akivunjika mguu, kila mmoja anaona plasta na anamhurumia. Aliyeumia ubongo, kidonda chake kinafunga, nywele zinaota tena, na watu wanasema amepona. Halafu anaanza kusahau, anakasirika bule, analala mchana na kukesha usiku. Hapo maneno yanaanza: amerogwa, anavuta bangi, ana pepo.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ni mmoja wao. Walikimbia kutoka Masisi, wakakaa Bulengo, naye akapata pikipiki ya mtu, akawa motari. Mwaka 2023 alianguka kwenye barabara ya Sake, bila kofia ya pikipiki. Alipoteza fahamu. Watu wenye huruma walimbeba kwa pikipiki nyingine, amewekwa katikati ya watu wawili, kichwa kinayumba. Alishonwa, akakaa hospitalini siku chache, akarudi. Leo anatembea, anakula, anajibu salamu. Lakini ukimtuma vitu vitatu sokoni analeta kimoja. Mtoto akilia, anapiga kelele mpaka majirani wanatoka nje. Na mara mbili ameanguka akitetemeka, povu mdomoni.

Kambi zilipoondolewa mwanzoni mwa 2025, walikodi chumba kimoja mjini. Upande wetu, wazee wanamwambia dada achukue watoto arudi nyumbani. Upande wa shemeji wanataka wampeleke chumba cha maombi, afunge siku nyingi bila chakula wala dawa. Kwa sababu kazi yangu ni kuuliza, niliuliza wanganga na nikasoma yale watafiti wameandika.

Mfano wa karibu nasi uko Tanzania, mjini Moshi, kwenye hospitali ya KCMC chini ya Mlima Kilimanjaro. Huko Catherine Staton, munganga wa dharura na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, pamoja na wenzake Watanzania, waliandika habari za wagonjwa walioumia kichwa, mmoja baada ya mwingine: alifikaje, aliumizwa na nini, aliondoka katika hali gani. Waliona kwamba wengi ni wanaume vijana, na sababu ya kwanza ni ajali za barabarani, pikipiki zikiwemo. Waliona pia kwamba pombe iko nyuma ya majeruhi wengi. Basi wakatengeneza mazungumzo mafupi ambayo muuguzi anafanya na mgonjwa kabla hajatoka hospitalini. Wakayapa jina la Kiswahili: Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Ninapenda kazi hiyo kwa sababu haikungoja mashine kubwa. Ilianza na daftari na muuguzi.

Utafiti mwingine unatuonyesha kwamba mazoea yanaweza kuua. Kwa miaka mingi wanganga duniani walikuwa wakiwapa walioumia kichwa dawa za kupunguza uvimbe, zile za aina ya kotikosteroidi, wakiamini zinasaidia. Utafiti ulioitwa CRASH ulifuatilia wagonjwa 10,008, na mwaka 2004 matokeo yalitoka: waliopewa dawa hiyo walikufa zaidi kuliko wasiopewa. Mwaka 2019 utafiti wa CRASH-3, wenye wagonjwa zaidi ya 12,000 katika nchi 29, ulionyesha kwamba dawa ya kuzuia damu, traneksamiki, inaweza kuokoa baadhi ya wale ambao ubongo wao haujaumia vibaya sana, ikiwa inatolewa mapema, ndani ya saa 3. Kwa hiyo anayesema "tungoje kesho tuone" anapoteza saa ambazo hazirudi.

Kuna pia kipimo kisichohitaji umeme. Mwaka 1974, wanganga wawili wa Glasgow, Graham Teasdale na Bryan Jennett, waliandika njia ya kupima fahamu kwa kuangalia mambo matatu: macho yanafunguka vipi, mtu anajibu vipi, mwili unasogea vipi. Alama zinaanza 3 mpaka 15. Mwenye 8 au chini yuko katika hatari kubwa. Wanganga wanatumia kipimo hicho mpaka leo, hata mahali hakuna mashine ya kupiga picha ya ubongo.

Na si pikipiki tu. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yalianguka kwenye kambi za wakimbizi upande wa Mugunga. Watafiti waliochunguza askari wa Marekani waliotoka vitani Iraki na Afghanistani waliona kwamba mshindo wa bomu unaweza kuumiza ubongo hata kama kichwa hakina kidonda. Kwa hiyo mama anayesema "tangu bomu lile mtoto wangu amebadilika" asikilizwe. Inaweza kuwa hofu, inaweza kuwa ubongo, inaweza kuwa vyote viwili.

Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayotusaidia kuzuia hasira na kupanga mambo. Ikiumia, mtu anaweza kubadilika tabia bila kutaka. Na kifafa kinachokuja baada ya kuumia ubongo kina dawa, lakini dawa hiyo inamezwa kila siku. Kuiacha ghafla kwa ajili ya kufunga kunaweza kuleta mshtuko mkubwa, hata kifo. Ndiyo maana niliongea na wazee wa pande zote mbili. Niliwaambia: ombeni, nasi tutaomba pamoja nanyi, lakini asifungwe kamba na asinyimwe dawa wala chakula. Wamekubali kungoja mpaka munganga amwone tena. Dada amebaki. Ameanza kuandika kwenye daftari kazi za siku, na anawatoa watoto nje kelele zikizidi. Kuna siku nzuri na kuna siku ngumu.

Wamotari, ninyi ninawasihi. Kofia ya pikipiki iliyofungwa vizuri inapunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69. Ile inayoning'inia kwenye usukani haisaidii mtu.

Mtu akianguka na kuumia kichwa, msimbebe akiwa ameketi kwenye pikipiki kama kuna njia nyingine. Mlazeni, kichwa na shingo visiyumbe. Kama amezimia lakini anapumua, mgeuzeni kwa ubavu, mwili wote pamoja, asikabwe na matapishi. Msimpe pombe. Hata akiamka na kuongea, mwangalieni usiku wote. Akitapika mara kwa mara, akisinzia bila kuamka vizuri, akitetemeka, mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, au maji yakitoka sikioni au puani, mpelekeni hospitalini saa hiyo hiyo.

Na kama nyumbani kwenu kuna mtu aliyebadilika baada ya ajali au bomu, mwelezeni munganga siku aliyoumia, hata kama ni miaka imepita. Yeye mwenyewe anaweza kuwa ameisahau.