Kuomba Kazi Si Kuomba Sadaka



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wake (S.A.W.), juma hili twaanza kwa kuomba radhi. Kwa miaka mingi wazazi wa mtaa wetu wametuletea vijana wao tuwaandikie barua za kuombea kazi, kwa kutudhania kuwa ni mabingwa wa kalamu. Nasi tuliandika bila ya kuchoka. Sasa tumetambua kuwa nyingi katika barua zile tuliziharibu kwa mikono yetu wenyewe, na aliyekosa ni bora akiri.

Aliyetufumbua macho ni binti mmoja tuliyemsomesha chuoni tangu Juzuu Amma. Mwezi uliopita alikuja nyumbani baada ya swala ya alasiri, yeye na mamake, ameshika bahasha ya kaki.

"Maalim," akasema kwa sauti ya chini, "nimeomba kazi mahali kumi na moja na hakuna aliyenijibu. Mama aona huenda nina nuksi. Twataka mtusomee dua."

Dua tulisoma, kwani dua haina hasara. Kisha tukaomba kuiona ile barua. Loh! Tulikuta ni maneno yetu, aliyabadilisha jina la mwajiri na anwani tu. Ilianza kwa salamu ndefu na kumwombea mwajiri afya na umri. Ikafuata habari ya baba aliyefariki, ndugu wanne wadogo na kodi ya nyumba. Ikamalizia kwa kusema kwamba mwombaji yu radhi kupewa kazi yoyote ile, hata ya kufagia. Tangazo lilitaka karani wa bohari. Katika ukurasa mzima hapakuwa na mstari mmoja uliosema kama binti huyu ajua kutunza bohari. Nuksi haikuwa kwake. Ilikuwa katika kalamu yetu.

Tulijiuliza kwa nini tuliandika vile. Tulidhani kunyenyekea ni kujidhalilisha, na tulidhani binti mwenye haya hataji uzuri wake. Hapo tukaikumbuka Surat Yusuf, aya ya 55, ambayo tumeifasiri darasani mara zisizo hesabu. Nabii Yusuf (A.S.) alisimama mbele ya mfalme wa Misri, ametoka gerezani, hana jamaa katika jumba lile. Hakumsimulia mfalme habari ya kisima wala uovu wa nduguze. Aliitaja kazi aitakayo, nayo ni kusimamia hazina za nchi, kisha akatoa sababu mbili: kwamba yeye ni mwenye kuhifadhi na kwamba ana ujuzi. Wafasiri, akiwemo Ibn Kathir, wameeleza kuwa yajuzu mtu kutaja sifa yake panapo haja, mbele ya asiyemjua. Huko si kujisifu, bali ni kutoa ushahidi.

Basi tukamwuliza binti, "Umewahi kutunza bohari?"

"La, Maalim."

Mamake akaguna. "Na ile futari je?"

Ndipo tulipopata habari. Kwa miaka mitatu, kila Ramadhani, binti huyu ndiye aliyekuwa akipokea magunia ya mchele, unga na tende za kikundi cha akina mama. Kila kilichoingia na kilichotoka alikiandika katika daftari, akagawa kwa nyumba 80, na mwisho wa mwezi hesabu ikasimama sawa. Hakulitaja jambo hili kwa kuwa hakulipwa. Wapenzi wasomaji, ni mabinti wangapi katika nyumba zetu wana amana kama hii mikononi, nasi twawaambia hawana uzoefu?

Safari hii tulimpa kalamu yeye. Tulimwambia barua isizidi ukurasa mmoja, kwani msomaji wake ana rundo la nyingine mezani. Juu aweke anwani yake, nambari ya simu na tarehe, kisha anwani ya mwajiri. Mstari wa mintarafu utaje jina la kazi na nambari ya kumbukumbu kama zilivyo katika tangazo. Aya ya kwanza iseme aomba kazi gani na tangazo aliliona wapi. Aya ya pili ndiyo roho ya barua: achukue mambo mawili au matatu yaliyotakwa katika tangazo, na kila moja alijibu kwa jambo alilolitenda. Cheti chake cha ugavi akitaje hapo, na daftari la futari likifuate, pamoja na zile nyumba 80. Aya ya mwisho ieleze ni lini anaweza kuanza kazi, imshukuru msomaji, kisha aweke sahihi. Habari nyingine zote mahali pake ni katika wasifukazi. Barua haina haja ya kuzirudia. Na kila mwajiri aandikiwe barua yake, maana kila tangazo lina swali lake.

Palizuka mambo mawili. Mama alitaka iandikwe kwamba bintiye ni hodari wa kompyuta. Binti akasema ajua kuandika barua na kuweka hesabu za kawaida, basi. Tukaamua iandikwe hivyo hivyo. Barua ya kazi ni ushahidi, na uongo ndani yake huja kumfedhehi mwenyewe siku atakapoketishwa mbele ya mashine.

La pili, mama alituomba tumpigie simu mtu fulani tunayejuana naye katika ofisi ile. Tulimsomea tangazo: mwombaji atakayetafuta upendeleo jina lake litaondolewa. Na hata kama lisingeondolewa, kazi ile ni haki ya anayeiweza, na huenda yuko yatima mwingine asiye na maalim wa kumpigia simu. Tukamwonya pia asimpe mtu pesa kwa ahadi ya kazi, kwani hiyo ni rushwa au ni utapeli.

Binti aliandika barua mara tatu. Mara ya tatu alitusomea kwa sauti, na tulimwona amenyoosha mgongo. Wakati tunaandika haya ameitwa kwenye mahojiano, Alhamisi ijayo. Kama atapata au hatapata, hilo liko kwa Mwenye kuruzuku. Letu lilikuwa kuacha kumfundisha kuomba kama mwenye kuomba sadaka.

Mama zetu na dada zetu, kabla ya kumtafuta wa kuwaandikia watoto barua, keti nao usiku mmoja na uwaulize: ni amana gani mmewahi kukabidhiwa mkaitunza? Jibu lao ndilo liandikwe. Na wale tuliowaandikia zamani, twawaomba mtusamehe, na mje na barua zenu tuzisome upya pamoja.