Chanjo Isiyodaiwa Uwanja wa Ndege

Tanga

Mpwa wangu mpenzi,

Tumefurahi sote kusikia kuwa jina lako limo katika msafara wa Hija mwaka huu. Mwenyezi Mungu akufikishe, akutakabalie, akurejeshe salama. Nakuandikia kwa jambo moja: sukari yako na homa ya mafua.

Najua viongozi wa msafara wamekwisha kukuhimiza chanjo ya uti wa mgongo. Hiyo huna budi kuchanjwa, maana Saudia wanadai cheti chake, na sindano iwe imechomwa angalau siku 10 kabla hujafika. Chanjo ya homa ya mafua ni habari nyingine. Wizara ya Afya ya Saudia inawashauri mahujaji waipate, hasa wazee, wajawazito na wenye maradhi ya kudumu kama sukari, lakini uwanja wa ndege hakuna atakayekudai cheti chake. Kwa kuwa haidaiwi, wengi husafiri bila ya kuipata. Usiwe miongoni mwao, mwanangu. Kaitafute mwenyewe.

Sisi tumekua tukiona mafua si ugonjwa: unakunywa chai ya tangawizi, unajifunika, asubuhi unaamka mzima. Mafua madogo ndivyo yalivyo. Homa ya mafua inatokana na kirusi kingine. Inakuangusha ghafla, joto linapanda, viungo vinauma, kifua kinabana. Kwa mwenye sukari hatari yake ni kubwa zaidi. Mwili unapopambana na maradhi hutoa homoni zinazolifanya ini kumwaga sukari kwenye damu, na homoni hizo hizo huidhoofisha insulini. Sukari inapanda hata kama hujatia kitu mdomoni. Unakojoa sana, maji yanapungua mwilini, na chembe nyeupe za damu zinazotulinda zinalegea. Hapo kichomi hupata njia. Isitoshe, siku chache baada ya kushikwa na homa hiyo hatari ya shambulio la moyo huongezeka, na sisi wenye sukari mioyo yetu tayari imeelemewa.

Sasa fikiria Mina, mtakakolala mahujaji. Mahema yamesongamana, mahujaji zaidi ya milioni wametoka kila pembe ya dunia, usingizi haba, jua kali, na unakula kwa saa usizozizoea. Kila aliyehiji anakijua kikohozi cha huko. Kinga uende nayo, usitarajie kuipatia kule.

Kwa hiyo nenda kliniki yako ya sukari sasa hivi, usingoje wiki ya safari. Baada ya sindano mwili huhitaji kama wiki mbili kujenga kinga. Chanjo hii haimo katika chanjo za kawaida za zahanati zetu. Kliniki wasipokuwa nayo, ulizia kwenye hospitali kubwa na vituo vya chanjo za wasafiri, na ujiandae kuilipia. Uliza pia ni ya msimu gani. Kirusi hiki hubadilika, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hupendekeza aina za kuwekwa katika chanjo mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba. Sindano ya mwaka juzi haikutoshi mwaka huu. Na kama umewahi kuvimba au kubanwa pumzi baada ya chanjo yoyote, mwambie muuguzi mapema.

Watakuja wa kukwambia kwamba chanjo yenyewe ndiyo inayoleta mafua. Hii ya sindano haina kirusi kilicho hai, haiwezi kukuambukiza. Mkono utauma, pengine usikie homa ndogo siku moja au mbili, basi. Sikuahidi kuwa hutaugua kabisa. Wako wanaochanjwa na bado wakaugua, ila mara nyingi ugonjwa huwa mwepesi zaidi, na hatari ya kulazwa hupungua.

Ukiugua ukiwa huko, pima sukari mara nyingi zaidi, kunywa maji, vaa barakoa, na usiache insulini kwa sababu tu huli. Kuhusu vidonge, muulize daktari kabla ya safari kipi kisimamishwe ukitapika. Wahi kituo cha afya siku hiyo hiyo, maana dawa ya kirusi hiki hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48. Ukihema haraka, ukitapika mfululizo au ukianza kuchanganyikiwa, wenzako wakukimbize hospitali papo hapo.

Hija imefaradhishwa kwa mwenye uwezo, na afya ni sehemu ya uwezo huo. Mwili ni amana. Kuulinda hakupunguzi tawakali. Msafarani hutakosa wenzako wenye sukari ambao hawajaambiwa haya. Mwombe kiongozi wenu ayatangaze kwenye semina ya mahujaji, na asipoyatangaza, simama uyaseme wewe.

Mjomba wako akupendaye